Parvin, Nilikuuliza Mara Mbili Tu

Parvin,

Naanza kwa kukugombeza, maana ulipokuwa hai hukunipa nafasi. Kila nikifungua mdomo unanisukumia sahani ya pistachio. Sasa huna sahani mkononi. Tulia unisikilize.

Ninakuandikia Kiswahili. Najua hukijui. Lakini Kiswidi changu unakifahamu, ni cha kununulia mkate na kumwonyesha daktari panapouma, hakiwezi kubeba mambo haya. Na Kiajemi chako nilishika yale maneno tu ambayo tayari nilikuwa nayo: chai, bustani, bandari, rangi. Siku tulipoyagundua ulipiga makofi pale jikoni, ukasema zamani sana watu wenu walifika pwani yetu na merikebu, wakarudi kwao, maneno yakabaki. Nikakuambia mimi si wa pwani, mimi ni wa Uvira, kwetu kuna ziwa, na hakuna Mwajemi aliyekuja kumfundisha mama yangu kusema chai. Ulicheka mpaka ukakohoa. Bon. Nasikia huko uliko lugha zote zinaeleweka. Kama hazieleweki basi tumedanganywa wote, wewe na msikiti wako, mimi na kanisa langu.

Habari za hapa Jakobsberg. Nyumba yako amepewa kijana Mswidi mwenye baiskeli mbili. Mtu mmoja, baiskeli mbili. Zamu yako ya Alhamisi kwenye chumba cha kufulia imechukuliwa na mwanamke wa ghorofa ya kwanza, yule asiyesafisha kichujio cha mashine. Nilimwambia. Akajibu kwamba hanielewi. Alinielewa vizuri sana.

Binti yako Shirin amekonda. Nitafika kwa Shirin. Ngoja kwanza nikukumbushe ulivyonianzia, ili ujue makosa ni ya nani.

Darasani mwalimu wa Kiswidi alituweka dawati moja kwa sababu tulikuwa wazee wawili kati ya vijana. Wewe kwenu ulikuwa mwalimu wa historia, kalamu ilikaa kwenye vidole vyako kama imeota pale. Mimi niliacha shule darasa la tatu nikauze ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa, sokoni. Wewe uliniandikia majibu pembeni ya daftari, na mimi nilimwuliza mwalimu yale maswali uliyoona haya kuyauliza. Kisha tukagundua tunakaa jengo moja, mimi ghorofa ya pili, wewe ya tatu, juu ya kichwa changu. Miaka miwili nilikuwa nikigonga dari kwa ufagio kwa sababu ya muziki wako, na sikujua ni wewe.

Siku ya kwanza ulinikaribisha kwako nikakiona kile kitambaa mezani. Chekundu, cha hariri, kina michoro kama machozi yaliyopinda shingo. Nikasema, kitambaa kizuri hiki. Ukasema, "Chukua, ni chako, mbele yako hakina thamani." Parvin! Kwetu mtu akikuambia chukua, unachukua. Nikakikunja, nikakitia mfukoni, nikakushukuru, nikashuka. Uso wako niliuona. Nilidhani ile ni furaha.

Miezi mitatu kilikaa juu ya televisheni yangu, na picha za wajukuu juu yake, na siku moja maji ya maua yakamwagika. Shirin alipokuja kuniletea keki yako akakiona, akajishika mdomo. Ndipo nikaambiwa kilikuwa cha bibi yako, kilitoka mji wenu wa Yazd ndani ya sanduku la harusi.

Nilipanda ngazi na kitambaa mkononi kama mtu anayepeleka mwizi. Nikasema, "Wewe mwanamke, mdomo ulipewa wa nini?" Na wewe, bila haya, ukanisogezea kiti, ukaniita jan, mpenzi. "Faida jan, kwetu mtu akisifu kitu unampa. Yeye anakataa. Unampa tena, anakataa tena. Mara ya tatu ndipo kila mtu husema lililo moyoni." Nikakumbuka siku ulipokuja kwangu, nikakuuliza chai, ukasema hapana, nikarudisha sufuria kabatini. Saa mbili ulikaa pale na koo kavu! Nikasema huo ni uongo mtupu. Ukasema ni adabu. Ukanifundisha historia nikiwa bado nimesimama: wafalme wenu walijenga wakaanguka, Waarabu wakaja, Wamongolia wakaja wakachoma, na adabu hii ikabaki, maana haina ukuta wa kubomoa. Nikakuambia wangeichoma na hiyo tungepumzika.

Lakini nilijifunza. Hilo huwezi kunikatalia. Miaka saba nimekuwa nikiuliza: Parvin, chai? Parvin, chai? Parvin, chai? Kama mtu anayeita mbuzi. Na mara ya tatu unajibu, "Basi, kidogo tu." Kidogo yako, glasi nne.

Nakumbuka mambo ya mwaka mpya wenu pia, unaoanza wakati huku theluji bado imelala kwenye nyasi. Meza yako ya vitu saba. Kitunguu saumu na siki kwenye meza ya sikukuu, nikafikiri umechanganyikiwa. Tufaha sawa. Ngano changa iliyoota kwenye sahani, kijani kama nywele za mtoto wa ajabu, sawa. Lakini yule samaki mwekundu kwenye bakuli akiogelea! Mimi mtu wa Uvira, samaki akiwekwa mezani najua kazi yake. Nikakuuliza, hii ni dini gani? Ukasema sikukuu hii ni ya kale kuliko msikiti wako na kuliko kanisa langu, ni ya wale wazee waliotunza moto, na kila dini iliyokuja nyumbani kwenu iliikuta imekaa ikabidi iisalimu.

Na Jumanne ile kabla ya sikukuu, mnaporuka moto ili uchukue ugonjwa wenu na uwape wekundu wake. Magoti yako na yangu, nani wa kuruka? Ukaweka mshumaa uani, mdogo, wa kanisani, nilikupa mimi. Tukauvuka tumeshikana mikono, na Mswidi mmoja wa chini akatutazama dirishani kama tunaiba. Ukarudi ukauvuka tena. Ukasema mara moja haikutosha, wewe una ugonjwa mwingi. Nilidhani ni mzaha.

Na ile setari, zeze lenu la shingo ndefu, ya marehemu mumeo ukutani, uliyoipangusa vumbi kila Ijumaa bila kuipiga. Na zile kaseti. Mwanamume anavuta sauti mpaka unamwonea huruma. Nikakuuliza, huyu anaimba au amefiwa? Ukasema, "Vyote viwili, ndiyo maana tunamsikiliza." Na kile kitabu cha mshairi wenu wa zamani, ambacho mtu akiwa na jambo anafumba macho, anakifungua popote na kusoma alichojibiwa. Nilikuambia jibu linatoka kwa Mungu tu. Ukasema labda Mungu naye anapenda mashairi. Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikaona inawezekana.

Sasa nifike pale nisipopenda.

Februari ile nilikupigia simu saa kumi na mbili jioni, nje giza limeshashuka. Sauti yako ilikuwa nyembamba. Nikasema nimepika supu ya kuku, nikuletee? Ukasema, "Hapana, Faida jan, usijisumbue, mafua tu." Nikasema basi nipande, nikae nawe kidogo? Ukasema, "Hapana, pumzisha magoti yako." Lifti ilikuwa mbovu. Nikasema haya, kesho.

Mara mbili, Parvin.

Ningeweza kukuandikia kwamba nilisahau. Mimi si mtu wa kujipaka mafuta. Sikusahau. Nilishika simu mkononi nikijua kabisa kwamba imebaki moja, na nilifurahi kwamba umekataa. Magoti yaliniuma. Nilikuwa nimevua soksi. Miaka saba nimekuita kama mbuzi kwa ajili ya chai, na siku hiyo niliipokea adabu yako kama risiti nikaiweka mfukoni.

Asubuhi Shirin alifungua kwa ufunguo wake. Moyo, daktari alisema.

Siku tuliyokuzika tulikuwa jikoni kwako, mimi naosha, Shirin anapangusa. Akasema tu, wala hakunitazama, kwamba alikuta glasi mbili za chai mezani na bakuli la mabonge ya sukari katikati. "Sijui Mama alikuwa anamngoja nani." Glasi niliyokuwa nayo mkononi iliteleza ndani ya maji. Wewe hukuwa unakunywa chai na sukari. Sukari ile ulikuwa unamwekea mtu anayependa utamu, na mtu huyo alikuwa anakaa chini ya miguu yako na soksi amevua.

Sikumwambia. Wiki zikapita. Kanisani nilikuwa nasimama wakati wa kuomba ili niseme, nakaa tena. Binti yangu ananiuliza kuna nini, ananiuliza kwa Kiswidi, mimi namjibu kwa Kiswahili kwamba hakuna kitu. Nikawa mwongo kama wewe, ila bila adabu.

Arobaini yako iliangukia wiki ya mwaka mpya wenu. Nikaotesha ngano. Ya kwanza ilioza, niliimwagilia kama mpunga wa bonde letu la Ruzizi. Ya pili niliifunika kitambaa chenye unyevu, kama ulivyofanya wewe, ikaota. Nikampigia Shirin: nikuletee ngano ya mama yako? Akasema, "Hapana, Faida khanom," khanom ndiyo bibi kwenu, "usijisumbue, mwaka huu hatuandai meza." Kesho yake nikampigia tena. Hapana, amechoka. Nikavaa koti. Nikapanda treni mpaka Spånga anakokaa, sahani mapajani, nimeifunga utepe mwekundu, Waswidi wote wanaangalia nje ambako hakuna cha kuangalia. Nikabisha hodi mlangoni kwake, nikauliza mara ya tatu: "Shirin, niingie?"

Mtoto wako alilia pale pale kizingitini, Parvin. Sahani ilitaka kuanguka. Alikuwa hajala tangu jana yake.

Kile kitambaa kilikuwa kimekunjwa juu ya kiti. Nilikitandika mimi mezani, nikaweka ngano juu, nikatafuta kitunguu saumu, tufaha, siki. Vitatu vingine sikuvijua. Samaki sikuleta, hilo mtanisamehe. Kisha nikakaa nikamwambia yote. Simu, supu, magoti, soksi. Mara mbili badala ya tatu. Nikamwuliza: zile glasi, moja ilikuwa yangu?

Akasema, "Hapana, Faida khanom. Tangu Baba afe, Mama alikuwa anamwekea glasi kila jioni. Baba ndiye aliyekuwa akinywa chai na bonge la sukari kwenye meno."

Ungeona nilivyotaka kuliamini jibu hilo. Nilikuwa nimeshalishika. Lakini nimeishi na wewe miaka saba, najua hapana zenu. Na mimi miaka saba hiyo glasi ya mumeo sikuiona. Labda uliiondoa nikija. Nikamwuliza tena. Akasema hapana, niamini, usijitese. Nikamshika mikono, nikamwuliza mara ya tatu.

Hapo akasema, "Sijui. Haki ya Mungu, Faida khanom, sijui. Glasi ya Baba aliweka siku nyingine, siku nyingine hakuweka."

Basi, hilo ndilo jibu. Silipendi, lakini ni la moyoni, na mtu akikupa la moyoni huwezi kumrudishia. Tulilia kidogo, kisha akasimama kuchemsha maji. Akaleta glasi mbili. Sukari akaisogeza upande wangu bila kuuliza.

Nilipokuwa navaa koti nikakisifu kile kitambaa, makusudi kabisa. Akasema chukua, ni chako. Nikakataa. Akasema tena. Nikakataa. Mara ya tatu akanyamaza, akakilaza vizuri kwa kiganja. Nikafurahi. Mtoto umemlea.

Siku ya kumi na tatu ya mwaka wenu tutakwenda ziwani, yeye na mimi, kuitupa ile ngano majini kama desturi yenu. Barafu imeanza kuachia ukingoni. Akasema kabla ya kutupa mtu hufunga fundo kwenye majani na kuomba jambo. Langu sikuambii.

Nakuaga hapa, mkono umechoka. Nikuahidi nini, mimi mzee? Ninaahidi hili: Shirin hatakula peke yake siku ya mwaka mpya maadamu nina nauli ya treni na goti moja linalopinda. Na sitaishia tena mara ya pili kwa mtu yeyote. Yule mwanamke wa ghorofa ya kwanza nimeshamwuliza kama anataka kuonyeshwa kichujio. Amekataa mara mbili. Namngoja Alhamisi.

Na wewe, ile mara ya tatu iliyobaki naiuliza sasa, hapa juu ya karatasi, soksi nimevaa na viatu nimefunga kamba.

Parvin, nipande?

Usijibu kwa adabu. Jibu la moyoni nitalisikia nikifika huko uliko. Sukari iweke upande wangu.

Faida, wa ghorofa ya pili