Kobe Aliyenyoosha Shingo Kama Chelel

Shelisheli, ndani ya meli

Dada Chelangat,

Chamgei! Huko Bomet mko salama ama mvua imewabeba? Goti la mama limeacha kumsumbua? Mimi ni mzima, nimenenepa, na bila mimi meli haiendi. Sawa, naosha sufuria. Lakini hebu waendeshe meli na njaa tuone. Chai yao, dada, imefungwa kwa kamfuko kama ugoro!

Wacha nikupe ya juzi. Wageni wetu ni ishirini tu, kazi yao ni kuzunguka visiwa wakiangalia wanyama. Mbeba maji aliugua, nikashuka nao mimi. Mama anayewaongoza, Solange, alitupa sheria moja: macho wazi, mikono mfukoni. Akatuonyesha ndege mweupe anayetaga yai juu ya tawi tupu, hakuna kiota, hakuna nini. Nikasema huyo ni kaka yetu Kiprono kabisa, ameoa na nyumba haina paa.

Halafu kobe. Usifikirie kale ka shambani kwetu. Hawa ni wakubwa kama ndama, na umri wanamshinda kogo, bibi yetu. Mmoja alilala njiani, kichwa ndani, wageni wakangoja na kamera mpaka jasho likawatoka. Dada, mkono wangu haukuniuliza. Nilichuchumaa nikamkuna chini ya shingo, vile nilikuwa namkuna Chelel, ng'ombe wangu niliyekuachia, kabla ya kumkamua. Kobe akatoa shingo, ndeeefu, akasimama kwa miguu yote minne, akafunga macho. Kamera zikalia kama mvua kwa mabati!

"Wewe! Nilisema nini?" Solange akafoka.

"Mikono mfukoni, mama."

"Na hiyo shingo ni mfuko?"

Nahodha aliponiita jioni, nilienda na begi langu tayari. Kumbe Solange alimwambia kijana hana adabu lakini wanyama hawamwogopi, anataka nimsaidie miaka miwili. Karatasi ya kusaini ninayo, nimepewa mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Ningefurahi, sivyo? Lakini tangu siku hiyo situlii. Nazunguka meli kama ng'ombe asiyekamuliwa. Hatua arobaini, nimerudi palepale. Hakuna hata kilima cha kupanda mtu achoke.

Kwa hivyo nifanyie hivi. Nenda kwa boma, umpigie Chelel ule mluzi wangu wa mara tatu. Akiinua kichwa aangalie njia, niandikie haraka, nakuja. Akiendelea kula, nasaini. Na usimwonyeshe chumvi kwanza, nakujua!

Msalimie mama, mchumaji chai asiyeogopa baridi, na kogo, mwambie bado nina meno yote. Kiprono mwambie ndege wa hapa wanamuulizia.

Mdogo wako mwenye meli,
Kipkirui

Chelel asipoangalia, piga tena. Huko kwetu upepo husumbua.