Kopo Ndani ya Karavani

Ibra, 10 Novemba 1981

Mdogo wangu Khole,

Salamu nyingi zikufikie hapo Sur, wewe na mwanao Rahila na mumewe na watoto wao. Sisi huku wazima, kikohozi changu kimepungua, na goti la kushoto ndilo linalonambia baridi inakuja kabla redio haijasema. Khabari za macho yako? Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Turkiya alitaka amwite mwalimu wa skuli aje aniandikie, nikamwambia mume wako hajafa bado.

Khole, tangu mumeo afariki, Mungu amrehemu, huu mwaka wa pili unalala chumba kimoja na wajukuu. Weye hukusema, lakini nimesikia. Basi nimekununulia nyumba. Usicheke. Nyumba ya magurudumu, karavani, zile walizokuwa wakilala mainjinia wa kampuni ya barabara. Lami ilipokwisha wameziuza hovyo hovyo. Maskati wanataka riali mia nne kwa kitu kibovu. Mie nimekwenda soko la Sinaw Alkhamisi na mia na hamsini mfukoni, nikarudi na karavani na arubaini. Nani mwengine angeweza?

Mwenye kuuza jina lake Khalaf, ana mbuzi na maneno mengi. Mie nikaizunguka kama mtu anayenunua ngamia. Nikapiga tairi teke, nikavuta chuma cha kukokotea, nikalala chini mchangani na kanzu yangu nyeupe nikatazama ekseli na springi. Wengine wanatazama rangi. Mie niliyejenga bodi za mabasi ya shamba Unguja miaka kumi na saba natazama tumbo. Ndani sikuingia, Khalaf kasema ndani mna hurma, na mie si mtu wa kuingilia wanawake wa watu. Tukapeana mikono pale pale. Jumamosi nikaenda na Landrova ya jirani, nikaikokota mpaka uani kwangu.

Ina kitanda, ina meza ya kukunja, na ina kabati. Chini ya kitanda nimekuta kopo la maziwa limejaa kokwa za tende. Hawa mabedui hawatupi kitu. Nikakaa humo nikala tende zangu kwa raha, na kokwa nikazitia humo humo.

Gari ya samaki ya Nadhir itakuletea barua hii, usishangae ikinuka. Jitayarishe kuja.

Kaka yako,
Marzouq

*

Sur, 14 Novemba 1981

Kaka yangu Marzouq,

Nakuamkia, shikamoo. Sote hatujambo, macho ni yale yale, asubuhi naona, jioni nakisia. Barua yako nimeisoma mara mbili na Rahila kaisoma mara moja, akacheka pale pa kanzu nyeupe.

Ahsante kwa kunifikiri. Lakini nyumba yako ina sabla ya wageni yenye milango miwili, ina mazulia na bunduki ukutani na dele nne za kahawa, inangoja wageni wasiokuja. Mie ndio nikae uani kwenye magurudumu? Haya, hayo tutayasema.

Nakuuliza jengine. Hizo kokwa zilikuwa zimeoshwa? Zitazame. Kama zimeoshwa, zihesabu, uniambie ngapi. Na usinijibu mambo ya springi.

Ndugu yako,
Khole

*

Ibra, 29 Novemba 1981

Mdogo wangu Khole,

Marahaba. Salamu kwa wote. Sisi wazima, ila Turkiya ana meno. Nimechelewa kujibu kwa kazi. Paa lilikuwa linavuja pembe mbili, nimeziba kwa lami niliyobakisha zamani, sasa hata mvua ya Unguja haiingii. Sakafu karibu na bomba imeoza, mguu wangu ulizama mpaka gotini. Kama ningeingia ndani siku ile ningeliona, lakini hurma ni hurma. Nimetia mbao mpya na ukiikanyaga hailii. Jirani kaja kutazama, kanambia Marzouq, hii sasa nzuri kuliko ilipotoka kiwandani. Nikamwambia najua.

Mambo ya sabla tusiyafungue. Sabla ni uso wa mwanamume.

Kokwa ni kokwa. Nina kazi, sina wakati wa kuhesabu taka za watu.

Kaka yako,
Marzouq

*

Sur, 2 Disemba 1981

Kaka,

Shikamoo. Mpe pole Turkiya, aweke karafuu.

Umeandika ukurasa mzima juu ya mbao, na kokwa umezipa mstari mmoja. Nakujua tangu hujaota ndevu, ukikimbia kitu ndio unakwenda mbio hivyo.

Sikiliza. Hapa mtaani kwetu palikuwa na mama wa kibedui aliyefiwa na mume. Alikaa eda kwenye chumba alichofiwa, na kila jua likizama anakula tende moja, anaiosha kokwa yake, anaitia kopo. Zikifika mia na thelathini, miezi minne na siku kumi imetimia, anatoka. Na kizuka, mwanamke aliye edani, hatolewi nyumba aliyofiwa mpaka siku zake ziishe. Hili huhitaji nikufundishe mimi, baba alikufundisha weye kabla yangu.

Nani alikuwa ndani ya karavani ile?

Khole

*

Ibra, 6 Disemba 1981

Mdogo wangu Khole,

Marahaba, na salamu. Karafuu imemsaidia. Mie sijambo kwa kusema tu.

Nimezihesabu. Zake zimesuguliwa zimekuwa nyeupe, zangu zina ganda na utomvu, kwa hivyo sikupata shida kuzitenga. Zake themanini na tatu.

Nitakwambia na usimsomee Rahila. Siku ile ya Jumamosi nilipokwenda na Landrova, Khalaf kanambia ngoja kidogo. Wakaja wanawake wawili na shuka kubwa, wakaishika juu mlangoni kama pazia, na ndani ya shuka akatoka mtu, tukaona miguu tu na kifurushi. Wakenda naye hivyo hivyo mpaka nyumba ya Khalaf, shuka imemzunguka asionekane na yeyote. Khole, mie nimeishi miaka sitini na nane. Nikiona mwanamke anatolewa namna ile najua ni nani. Nilijua. Nikageuza uso nikainama kwenye springi, nikawa nafunga nati iliyokwisha fungwa. Nikajisemea pengine mgonjwa. Njia nzima kutoka Sinaw najisemea mgonjwa, mpaka jirani akaniuliza nazungumza na nani.

Jana nimekwenda kuuliza. Jina lake Ghaniya. Mumewe alikuwa mlinzi wa kambi ya kampuni ya barabara, yeye ndiye aliyeinunua karavani, na ndani yake ndimo alimofia. Khalaf ni mdogo wake marehemu. Amemtia Ghaniya chumba kimoja na mke wake na unga na majani ya mbuzi.

Na tangu nizihesabu, kwa kila siku ambayo karavani imekaa uani kwangu nimemtilia kokwa moja. Nakula tende, naiosha, naisugua kwa mchanga mpaka iwe kama zake, naitia. Turkiya ananitazama tu.

Naona aibu kukwambia hili weye kuliko mtu mwengine, na sababu unaijua. Mumeo alinambia mbele ya watu kwamba bodi yangu moja ilifunguka njia ya Chwaka, nikaapa sikanyagi nyumba yake. Akafa, nikashika kiapo. Weye ukakaa eda yako na mie kaka yako, niliyeruhusiwa kuingia kwako mchana na usiku, sikuja hata siku moja.

Alkhamisi nairudisha.

Marzouq

*

Ibra, 11 Disemba 1981

Mdogo wangu Khole,

Salamu, na afya kwenu nyote. Mgongo unaniuma kwa njia ya changarawe, lakini tairi hata moja halikupasuka, jambo ambalo dereva mwengine asingeliweza.

Nimeirudisha jana. Nimeiweka pale pale ilipokuwa, alama za magurudumu zilikuwa bado mchangani. Khalaf kaja mbio anasema fedha kanunulia mbuzi. Nikamwambia sikuja kwa fedha, nimekuja kurudisha nyumba ya mtu, na weye ingia kwako umwambie. Akataka kubisha. Nikavua kilemba nikakiweka juu ya bati la gari nikamtazama. Kaingia.

Mie na jirani tukageuka, uso kwenye ukuta, mpaka wanawake wakamrejesha na shuka yao. Nikasikia sakafu yangu. Haikulia. Kisha nikaenda karibu na mlango, nyuma nyuma, nikaweka kopo kwenye kidaraja. Nikasema, mama, mie ndiye niliyeichukua. Nilikuona ukitolewa nikajifanya sikuona. Zako themanini na tatu, na nimekutilia thelathini na tatu, moja kila siku, mpaka leo.

Kisha nikasikia kokwa zinamwagwa kwenye sinia, anazitoa moja moja. Sauti yake ya mtu mzima, kama yako.

Akasema, "Imepungua moja."

Nikamwambia haiwezekani, mie hesabu yangu haikosi. Hata hapo, Khole, nilibisha.

Akasema, "Nimefunga mafundo kwenye pindo la ukaya wangu tangu nilipotolewa. Ni thelathini na nne. Wewe umeanza kuhesabu siku ilipokuwa kwako. Siku uliyonitoa hukuitia."

Akasema basi, tende ya siku hiyo ataila mwenyewe. Akafunga mlango.

Zimebaki kumi na tatu. Nimemwachia gunia la unga na mtungi wa gesi, na Khalaf anajua nitapita.

Sasa karavani huna. Sabla nimeitoa mazulia, bunduki nimezitia chini ya kitanda changu, dele tatu nimempa jirani. Kitanda chako nimekiweka upande wa mlango wa mashariki, utaona asubuhi kwa macho yako hayo. Sikulazimishi.

Neno moja nakuuliza. Eda yako weye ulihesabu kwa nini? Sikukuuliza wakati ule, nakuuliza sasa.

Kaka yako,
Marzouq

*

Sur, 14 Disemba 1981

Kaka yangu,

Nakuamkia, shikamoo. Sote wazima, na mgongo wako ukandwe na mafuta ya simsim yaliyotiwa moto.

Umeniuliza, nakujibu. Chumba changu cha eda dirisha lake liko kwenye kona zinaposimama gari za samaki zikirudi kutoka Ibra. Nilikuwa nazisikia breki, kisha mlango, kisha nasikiliza sauti ya anayeshuka, ni ya nani. Hizo ndizo nilizohesabu. Zilikuwa mia na kumi na moja, maana Ijumaa haziji.

Jumatano napanda ya Nadhir. Nisubiri barabarani, usinisubiri ndani.

Ndugu yako,
Khole