Mama Mkwe Kwenye Mawe Meupe

Jumanne, 9 Novemba 1971

Ng'ombe tena. Wamelala katikati ya uwanja wa ndege kama wameujenga wao. Nimewafukuza kwa fimbo tangu asubuhi, na mchungaji wao anacheka tu, eti nyasi za serikali ni tamu. Ujamaa gani huu? Yeye anachunga, mimi nafukuza.

Ndege ikatua. Nikaweka kabari kwenye magurudumu, nikapampu petroli kutoka kwenye pipa mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha mizani. Kila abiria anapimwa, yeye na mzigo wake, nami natangaza jina na uzito kwa sauti ili rubani asikie. Halafu namshika mkono mpaka mlangoni, nampandisha. Bwana mmoja wa ofisini, kitambi mbele, kanikata jicho nilipotangaza uzito wake. Ndugu, kasema, si lazima mkoa mzima usikie. Mzee Ramadhani, mkuu wangu, akageukia ukutani acheke. Wafanyakazi hapa ni yeye na mimi tu.

Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa mwaka. Nikithibitishwa, naoa. Ng'ombe wa mahari walishakwenda kwa kina Elizabeti. Kilichobaki ni mimi kuwa mtu mwenye kazi.

Ijumaa, 12 Novemba

Aibu. Baba mdogo Ntandu kaja kuona ninavyofanya kazi. Nikamwambia asivuke mawe meupe. Mawe yale tumeyapaka chokaa kuzunguka mahali ndege inaposimama, na asiye mfanyakazi haruhusiwi kuyavuka, isipokuwa abiria anayeletwa na mkuu au mimi. Akasema sawa, mwanangu. Kugeuka tu, nikamkuta kwenye bawa, analinusa. Analinusa! Na pangaboi la mbele bado linazunguka.

Mzee Ramadhani hakupiga kelele. Ni afadhali angepiga. Aliwahi kumwona mtu akikatwa mkono na pangaboi kwenye uwanja mwingine, na hakuna kitu anachokichukia kama mtu kuvuka mawe. Kaniambia mtu mwingine akivuka zamu yangu, nirudi kwetu nikashike jembe. Nikaitikia.

Baba mdogo kaniuliza njiani kwa nini ndege inanuka kama taa ya chemli.

Jumapili, 14 Novemba

Baada ya ibada nikaenda Mandewa kwa kina Elizabeti. Njiani nikakutana ana kwa ana na mama mkwe, ametoka kisimani. Nikaruka pembeni kwenye miiba, nikampa mgongo. Yeye naye akajifunika kanga usoni, akapita upande wa pili. Ndivyo ilivyo kwetu. Mama mkwe humgusi, humtazami usoni, jina lake hulitaji. Hata hapa sitaliandika.

Elizabeti alicheka mpaka akakaa chini. Kasema nikishaoa nitakuwa nimeisha ngozi yote kwa miiba. Akanitoa mmoja kwenye kisigino, polepole, huku ananicheka. Nampenda huyu mwanamke. Basi.

Chakula kilipikwa na mama yake. Ugali wa uwele, mlenda, na kuku, eti mkwe anafanya kazi ngumu. Hatujawahi kusemezana hata neno. Lakini kila nikija naletewa paja. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo, na sijui nimwite nani mama kama si huyu nisiyeweza kumwita.

Elizabeti kasema mama analalamika tumbo. Anasema ni la muda mrefu, anaficha.

Jumanne, 16 Novemba

Mvua kubwa. Ndege ilikuja, ikazunguka juu mara mbili, ikarudi zake Dodoma. Udongo wetu ukilowa ni ugali. Ikitua inazama, na ikiwa chini haipai. Abiria wamesimama na masanduku yao wananitazama mimi, kana kwamba mvua nimeileta mimi.

Jumatatu, 22 Novemba

Mama mkwe kalazwa hospitali ya mjini. Kuna uvimbe tumboni. Daktari kasema apasuliwe haraka, na kazi hiyo itafanyika Dodoma. Mabasi hayapiti, Ikungi maji yamejaa barabarani. Elizabeti kaja mwenyewe uwanjani, kasimama nyuma ya mawe, macho mekundu. Hakuniomba. Kaniangalia tu.

Nikamwendea Mzee Ramadhani. Shikamoo mzee, nina shida. Kasikiliza mpaka mwisho, kapiga simu ya upepo, kapata nafasi ya Ijumaa. Nikamwambia Elizabeti. Alinishika mkono mbele za watu. Leo nimejiona mwanamume. Nilitembea mpaka nyumbani nikiimba.

Alhamisi, 25 Novemba

Mzee Ramadhani kafiwa na dada yake Manyoni. Kaondoka na lori la mizigo linalozunguka njia ya juu. Kaniachia funguo. Kaniambia maneno mawili tu: kumbuka mawe.

Ndipo ikanijia. Kesho nani atampima mama mkwe? Nani atamshika, atamwinua, atamwingiza ndegeni? Mimi? Nimguse mama wa mke wangu, nitangaze jina lake mbele ya wanawe? Hapana. Bora ardhi inimeze.

Nikatafuta njia. Ndugu Shabani, dereva wa Landrova ya posta, huja kila Ijumaa kuchukua magunia ya barua, na Mzee Ramadhani humruhusu kuvuka. Si wa kwetu, ni mtu wa Tabora, hana ukwe na mtu hapa. Nikamfuata posta. Kacheka, kasema nyie Wanyaturu mna mambo, lakini atamwinua yeye. Nikashukuru Mungu. Kila kitu kimepangwa.

Ijumaa, 26 Novemba

Naandika kwa sababu sijui nifanye nini na mikono hii.

Ndege ilitua vizuri. Mawingu yalikuwa meusi upande wa ziwa. Rubani, Mzungu, hakuzima injini. Alinionyesha mawingu kwa kidole. Haraka.

Abiria watatu wa ofisini nikawapima, nikawapandisha. Kaka zake Elizabeti wawili walifika na kitanda cha kamba mabegani, mama mkwe juu yake. Elizabeti pembeni. Wakafika kwenye mawe, wakakishusha. Hapo hapo. Hakuna hata mmoja aliyeweka mguu ndani. Mimi ndiye niliyewafundisha.

Mama mkwe aliponiona ninakuja, akainua mkono. Mgonjwa hivyo, mkono wote mifupa. Akavuta kanga ajifunike uso. Mkono ukashindwa katikati. Nami nikageuza uso wangu.

Shabani hakuwepo.

Kaka mkubwa akauliza, Shemeji, tuvuke? Nikawaambia, Ngojeni.

Nikakimbia mpaka barabarani kumtazama Shabani. Hakuna gari. Nikarudi. Rubani anapunga mkono, anaita. Kaka akauliza tena, tuvuke? Nikasema ngojeni, anakuja sasa hivi. Nikakimbia tena barabarani. Hakuna. Matone yakaanza. Makubwa, yale yanayochimba vumbi.

Niliporudi rubani mwenyewe alishafunga mlango. Akanionyesha magurudumu. Nami nikainama nikatoa kabari. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii ambayo haikuweza kumgusa. Ndege ikakimbia, ikapaa, na mvua ikamwagika juu ya mama mkwe kitandani.

Walimfunika kwa turubai la mapipa. Elizabeti hakulia. Alikuwa ananitazama. Shabani alifika baadaye, gurudumu limepasuka Mandewa, amelowa, anaomba radhi. Ningempiga. Lakini kosa lake liko wapi?

Wamepata lori la ushirika. Wanampeleka hospitali ya Kiomboi, ndiyo njia pekee inayopitika.

Jumamosi, 27 Novemba

Hakufika Kiomboi.

Jumatatu, 29 Novemba

Tumemzika. Nimesimama mbali na kaburi, mahali pa mkwe. Hata pale.

Watu wananisifu. Ee Mungu, wananisifu! Baba mkwe kanishika bega, kasema mwanangu, wengine siku hizi wamesoma wakasahau, wewe ulimtunzia mama yako heshima mpaka mwisho. Wazee wakaitikia. Shangazi yake Elizabeti, aliyekuwa naye kwenye lori, kanivuta pembeni. Kasema marehemu alizungumza kidogo njiani. Alisema, mkwe wangu ana adabu, Elizabeti amepata mume.

Nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa chini kwenye samadi.

Mzee mmoja kaniona, akadhani ni huzuni tu. Kaniambia kazi ya Mungu haina makosa. Ile haikuwa kazi ya Mungu, ilikuwa kazi yangu. Mungu alileta ndege, akaleta na nafasi, akazuia mvua mpaka nikamaliza kukimbia mara mbili.

Jumanne, 30 Novemba

Mzee Ramadhani karudi. Habari ilimtangulia. Nilimsubiri anifukuze, nilitaka anifukuze. Kinyume chake kanipa mkono. Kasema injini ikiwa inawaka, ndugu wa mgonjwa wamechanganyikiwa, kijana mwingine angewaacha wavuke, leo tungezika wawili. Kasema anaandika nithibitishwe, hasubiri mwisho wa mwaka.

Nilimwuliza, mzee, ungekuwepo ungefanyaje? Akasema, ningembeba. Akaenda kuangalia mapipa.

Ijumaa, 3 Desemba

Nimethibitishwa. Kofia mpya. Nimeitundika kwenye msumari, sijaivaa.

Nawaza sana. Nilikuwa na sheria mbili. Ya nyumbani inasema usimguse. Ya kazini inasema wasivuke. Ningevunja moja tu, yoyote, mama mkwe angekuwa Dodoma amelala kitandani ananung'unikia uji wa hospitali. Sikuvunja hata moja. Nilitunza zote mbili, kijana mwema, na mtu akafa katikati yake.

Na tuseme ukweli, maana hapa hasomi mtu. Sheria ya kazini niliitunza kwa hofu ya jembe. Ya nyumbani niliitunza kwa hofu ya kuchekwa. Ile nyingine tunayoiita heshima sijui hata ilikuwa wapi siku ile.

Jumapili, 5 Desemba

Nimekwenda Mandewa. Elizabeti alikuwa anatwanga uwele. Hakuacha kutwanga. Nilisimama. Nilikuwa nimetayarisha maneno, yote yakapotea. Nikasema nisamehe tu.

Akaweka mchi chini. Akasema, "Ulimheshimu mama mpaka akafa. Mimi utaniheshimu mpaka lini?"

Hakupandisha sauti. Akachukua mchi akaendelea. Nikakaa kwenye gogo mpaka akamaliza, akaingiza unga ndani, akafunga mlango. Sijawahi kuumia hivi. Hata mama yangu mzazi alipokufa nilikuwa mdogo, nililia nikapewa maziwa nikanyamaza.

Alhamisi, 9 Desemba

Sikukuu ya Uhuru. Ngoma uwanja wa mjini, nasikia mpaka hapa. Sijaenda.

Baba alikuja na baba mdogo Ntandu. Wamekasirika. Elizabeti amewaambia watu wa kwao kwamba hanitaki. Baba mkwe anaona aibu, yuko tayari kumlazimisha. Baba naye anasema mahari imekamilika, mke ni wangu, tukamchukue, mwanamke hulia wiki moja kisha huzoea. Elizabeti alazimishwe kunipikia ugali kila siku, ananitazama vile alivyonitazama kwenye mvua? Hapana.

Nikamwambia baba achukue ng'ombe wake. Hajawahi kusikia neno kama hilo kutoka kwangu. Kasimama, kanitolea macho, kasema mtu anayekataa alichopewa na wazee wake hatapata kingine. Labda. Baba mdogo Ntandu, akiondoka, akanipapasa kichwa, kama mtoto. Hapo ndipo nilipolia, mara ya kwanza tangu siku ile.

Jumamosi, 18 Desemba

Ng'ombe wamerudi kwa baba. Wamepitishwa kando ya uwanja, baba mkwe mwenyewe mbele. Hakunitazama. Mimi si mkwe wake tena, lakini nilijikuta nimesogea pembeni kumpisha. Mazoea ni ugonjwa.

Jumanne, 28 Desemba

Jua kali, ardhi imekauka. Ndege ilikuja kwa wakati wake. Abiria wawili wa kushuka. Mmoja dada mkubwa wa Elizabeti, ameolewa Dodoma, mazishi yalimpita kwa sababu ya barabara. Nilimpa mkono akashuka. Hanifahamu, aliolewa kabla sijaanza kwenda kwao. Nikabeba sanduku lake.

Elizabeti alikuwa anasubiri nyuma ya mawe, amevaa nguo nyeusi. Amekonda. Dada mtu akavuka, wakakumbatiana, wakalia, nami nimesimama na sanduku mkononi kwa sababu sikujua pa kuliweka. Walipoachiana Elizabeti akanigeukia. Akasema, "Habari za kazi, kaka?"

Kaka. Kama mtu anavyomsalimu mtu yeyote wa uwanjani.

Nikajibu, "Njema, dada." Nikampa sanduku, akajitwisha. Wakaondoka kwa miguu kuelekea Mandewa.