Kuitikia Nisichokisikia

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto, na kwamba mama ameamka salama na nyonga haimsumbui sana. Mimi sina homa wala kikohozi. Nimeamua kuandika kwa sababu umenilalamikia kwamba sipokei simu, na nikipokea nakata upesi kama anayekimbia moto. Una haki ya kununa. Tafuta mahali penye utulivu ukae, unisome mpaka mwisho.

Kazi bado ni ile ya vyura ambayo shemeji huicheka. Mtafiti wetu mkuu, ambaye sisi wa chini tunamwita Mama Vyura akiwa hayupo, anataka kujua chura jike anaipataje sauti ya dume mmoja katikati ya mvua na madume mia wanaolia kwa pamoja. Namweka jike katikati ya chumba, spika moja inatoa mlio wa dume, nyingine inatoa vurugu tupu, nami naandika amerukia upande gani. Kazi ya macho tu, ndiyo maana nimedumu nayo. Mama Vyura husema hakuna kiumbe kinachosikia kila kitu: sikio linachuja, na pale palipobaki mapengo ubongo unakisia. Siku aliponieleza hayo nilitabasamu, nikajifanya naandika.

Chumba chenyewe hakina dirisha. Kuta, dari na mlango vimefunikwa sponji nyeusi, nene kama godoro, na ukizungumza humo sauti yako inafia mdomoni. Jumatatu iliyopita, saa nne asubuhi, niliingia na chura wangu, nikavuta mlango, kitasa kikabaki mkononi. Nilicheka. Nikagonga, nikangoja, nikagonga tena, kicheko kikaniisha. Feni huzimwa wakati wa kazi kwa sababu inavuma, na swichi yake iko nje.

Baadaye spika ya ukutani, ile ya kuzungumza na walio nje, ikanguruma. Nilijua ni Mama Vyura ananiambia kitu, lakini nilichopata ni mngurumo tu, kama mtu anayeongea kichwa kikiwa ndani ya ndoo. Nikaitikia, "Ndiyo!" Ikanguruma tena. Nikaitikia, "Ndiyo, nimeelewa!" Nikakisia kwamba wananiambia nimsubiri fundi. Basi nikakaa sakafuni, nikasubiri. Kila spika iliponguruma, chura aliigeukia. Dada, nilimwonea chura wivu.

Joto likapanda. Nguo zikanilowa, hewa ikawa nzito, nikaanza kuona kuta zinanisogelea. Niligonga mlango mpaka ngumi zikavimba. Spika ikazidi kunguruma, nami nikazidi kuitikia ndiyo, ndiyo. Saa mbili nzima. Mwishowe fundi alikata bawaba, mlango ukaangukia nje, nikatoka natambaa, chura kiganjani.

Mama Vyura alikuwa amekasirika kwa woga. Nilipomtazama midomo ndipo nilipompata: alisema ameniambia mara ishirini nivute kishikio cha dharura, kile cha chini kushoto, nyuma ya sponji, na kila mara nimejibu nimeelewa. Fundi akasema alidhani nimerukwa na akili. Kisha Mama Vyura akageuka akanipa mgongo. Alipogeuka tena uso wake ulikuwa umebadilika. Bila shaka alikuwa ameniuliza kitu, na mimi nilikuwa nimesimama tu kama gogo. Akachukua daftari langu, akaandika maneno mawili: *Tangu lini?*

Nikamwambia miezi michache. Hakunifukuza. Kesho yake alinipeleka mwenyewe kwa daktari wa masikio, nikapimwa, na vifaa vya kusaidia kusikia vitakuwa tayari mwezi ujao. Lakini nilimdanganya, na jibu la kweli ni wewe unayenidai.

Ni miaka mitatu. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiwasogeza watu kwenye mwanga nione midomo yao, nikicheka wanapocheka, nikiitikia nisichokisikia. Unakumbuka mjomba alipoanza kutosikia, tulivyokuwa tukimjibu upuuzi mezani ili tucheke? Mimi ndiye niliyekuwa namwigiza vizuri kuliko wote. Sikutaka kukaa kwenye kiti chake.

Siku mama alipoanguka bafuni nilikwambia nilikuwa nimetoka kwenda dukani. Sikutoka. Nilikuwa chumba cha pili, nimeupa mlango mgongo, napiga pasi. Mama aliniita. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Yule mshonaji jirani ndiye aliyemsikia kupitia ukutani, akaja mbio, akanikuta nakunja shuka. Alinishika bega, akaniuliza, "Wewe, husikii mama yako anakuita?" Wakati tunamwinua, mama alimwomba asimwambie mtu. Na ulipomuuliza hospitalini, mama alikwambia alizimia, hakuita.

Wewe ukanishika mkono ukasema, "Afadhali hukuwepo, maana usingejisamehe." Ukaikataa nafasi ya ualimu mkuu ili ukae naye. Nami nikaitikia ndiyo, na tangu siku hiyo kila nikitaka kusema, lile neno lako linanifungia njia. Nikiona simu yako inaita, naogopa nisichokisikia, na naogopa zaidi nitakachokisikia.

Jumamosi nakuja na basi la asubuhi. Ukitaka kunifokea, nifokee umenigeukia, karibu na dirisha, wala usiharakishe. Nataka nikupate neno kwa neno.

Wasalimie watoto, na mwambie shemeji kwamba vyura hawajambo. Mama naye msalimie sana, lakini kuna jambo nakuomba umwambie kabla sijafika, kwa sababu hajawahi kuniuliza, na sijui amekuwa akiwaza nini muda wote huu. Mwambie sikumpuuza. Mwambie sikumsikia.

Ni mimi mdogo wako,
kitindamimba wa mama