Mume wa Mwanakheri

Alhamisi, 9 Januari
Makala imekwenda. Mhariri atalalamika kwamba nimetukana watu. Nimetukana, ndiyo. Nimemkanda mama magoti, nimemchemshia chai ya tangawizi. Kipimo cha nasaba, kile tulichokitemea mate, majibu bado. Kesho chakula kwa Mjomba Seif. Sitaki. Tutakwenda.

Ijumaa, 10 Januari
Nimechafukwa.

Mjomba Seif ni ndugu wa mama kwa baba; mama zao mbalimbali. Anachora shajara, mti wa ukoo, aitundike ukumbini. Leo, biriani mdomoni, mbele ya wakwe zake: "Dada, kwenu nyie nitaandika nini? Mwanakheri alizaa na baharia wa Kimarekani. Yule Yusufu wa Oman kaja kumsitiri tu."

Watu wakacheka. Mwanakheri ni bibi wa bibi yake mama. Mama akainamia sahani. Mtu mzima wa miaka themanini, anainamia sahani!

"Mjomba, ulikuwepo wewe?"

"Nenda kaandike magazeti yako."

Hadithi hii nimekua nayo. Wanaume wawili: baharia aliyemzalisha akakimbia, kisha Yusufu bin Abdallah, Mwarabu, aliyemuoa. Nitaipasua, na mama angali hai.

Jumanne, 14 Januari
Majibu yamekuja. Umarekani upo. Na ndugu wa mbali, Carol wa Massachusetts, ameshaniandikia. Ukoo wao uko kule tangu nchi yao haijawa nchi. Zamani walikuwa na kijana mmoja aliyeshuka melini Unguja, hakurudi tena. Joseph.

Kwa kiherehere changu nikamtumia Mjomba. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Si nilisema? Haramu imethibitishwa na maabara." Mama alikuwa jikoni. Alisikia. Akaendelea kuosha vikombe.

Nina hasira ya kuvunja mlango.

Jumatano, 15 Januari
Nimekuwa mjinga, na mimi ndiye msomi wa nyumba hii.

Mwaka mzima nimemtafuta huyo Abdallah, baba wa Yusufu. Nimehoji Waomani, nimepanda mpaka Hatta, milimani mpakani na Oman, kusumbua wazee wa watu. Hakuna amjuaye. Leo nikamuuliza mama: mama yake Yusufu je?

"Hawa. Kwenye talkini waliita Yusufu mwana wa Hawa. Bibi akisema hivyo."

Nikakaa sakafuni.

Kwetu maiti husomewa talkini kaburini, akaitwa kwa jina la mama yake. Asiyejulikana mama yake huitwa mwana wa Hawa, mama yetu sote. Na anayesilimu hupewa Abdallah awe baba. Baba Abdallah, mama Hawa. Wapi Oman hapo? Huyu ni mtu aliyesilimu, mgeni asiye na wa kumtajia mama yake. Joseph ni Yusufu. Mume mmoja! Hakukimbia. Alisilimu, akaoa, akalea, akazikwa na Waislamu.

Sisi wenyewe tumemgawa mtu mmoja kuwa wawili, tukamwonea haya nusu yake.

Ijumaa, 17 Januari
Chakula kwa Mjomba tena. Nilingoja sahani zijae. Mkwe wa Mjomba ni sheikh, anasomesha. Nikamgeukia yeye.

"Sheikh, anayesilimu huitwa bin nani?"

"Aghlabu, bin Abdallah."

"Na kwenye talkini, mama yake asipojulikana?"

"Mwana wa Hawa."

Nikamtaja Yusufu. Nikamtaja Joseph. Sheikh akaanza kucheka polepole: "Seif, mbona huyu bwana ni mmoja?"

"Khalas, khalas," akasema Mjomba. "Tule."

"Hatuli," nikasema. Nikamletea kalamu. Akaandika kwenye shajara, kwa mkono wake: Yusufu, Mmarekani, mume wa Mwanakheri. Wakwe wakaangalia. Mama akaangalia, kichwa juu.

Nimeshinda. Sitajifanya mnyenyekevu.

Jumamosi, 18 Januari
Mvua kidogo asubuhi. Carol amepiga simu ya video. Mzee, mvi, miwani. Mama akamtazama muda mrefu.

"Mwambie mtoto wao hakupotea," akasema. "Alikuwa na mke."

Nikatafsiri. Carol akalia. Mama akamngojea amalize, kisha akaniambia nimuulize kama wamekwishakula.