Kutafuta Mwamuzi Asiye Shemeji

Jumatatu, 6 Mei

Malori mawili nimeyavusha mpaka kabla ya chai. Karatasi safi, madereva wananisalimia kama waziri. Kisha Mama Awor kafika kutoka Sop Sop, upande wa Uganda, miguu matope. Kaniteua mwamuzi wake. Mimi! Darasa la saba, ndiyo, lakini Dubai nimefika, Guangzhou nimefika.

Kesi ni karanga za kikundi chake cha wanawake. Barasa, mnunuzi wa Busia ya Kenya, anasema zilifika na ukungu. Mama anasema zilifika kavu, zikanyeshewa kwenye stoo ya Barasa. Mkataba wao unakataza korti: kila upande uchague mwamuzi, hao wawili wamchague wa tatu. Mpaka watatu waketi, stoo ina kufuli mbili, kila mmoja na yake. Na mvua haiombi ruhusa.

Jumatano, 8 Mei

Nimekutana na mwamuzi wa Barasa. Bi. Nekesa, wakili wa Bungoma. Miwani, hana mzaha. Nikampa jina la Wandera awe wa tatu, mtu safi.

"Ana uhusiano na Barasa?"

"Kidogo tu. Kamuoa dadake."

"Mwingine?"

"Pasta Okumu. Ila Mama Awor ni muumini wake."

"Mzee, huku kwenu kuna mtu asiye shemeji?"

"Labda makaburini. Na huko pia tumezikana."

Mwisho tumempata: Mtanzania mpima nafaka, yuko Malaba, ndugu zake wote Singida. Wazo langu. Nani mwingine angewaza hivyo?

Alhamisi, 9 Mei

Mtanzania kakubali, ila anataka kila mwamuzi aandike anavyojuana na wenye kesi. Nikaandika kwa raha zangu. Mtoto wa Barasa ni wangu wa ubatizo. Msiba wa mama mzazi wa Mama Awor nilitoa fahali. Kitambulisho cha Uganda ninacho, cha Kenya ninacho.

Bi. Nekesa kasoma, kavua miwani. Eti atakayeshindwa atautupa uamuzi wetu kwa karatasi hii peke yake. Nijiondoe.

Nimekataa. Kujua watu tangu lini ni kosa? Nimekasirika mpaka sasa.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua kubwa. Nimesimama nje ya stoo, pua ukutani. Harufu ya unyevu. Humo ndani umelala mwaka mzima wa jembe la wale wanawake, na mimi nabishania cheo.

Nimejiuzulu.

Mama Awor kanirukia mbele ya watu: "Barasa kakununua kwa kilo ngapi, wewe?" Imeuma. Nimemwambia tu amteue Okiror wa Mella. Karanga anazijua, lakini bahili! Hajawahi kualika mtu kula, wala hakuna anayemwalika. Bi. Nekesa kampitisha bila swali. Ubahili nao umekuwa sifa. Dunia hii.

Jumanne, 14 Mei

Kufuli zimefunguliwa. Waamuzi watatu waliingia, sisi wengine nje. Walitoka na magunia mawili: la ukutani limeoza, la katikati kavu, maganda yanalia. Okiror alitazama paa muda mrefu. Uamuzi bado.

Mama Awor alikuwa peke yake kwenye benchi la hoteli ya ng'ambo ya barabara. Mwamuzi haruhusiwi kukaa na upande mmoja. Mimi si mwamuzi.

Nikaenda. Akasogea, nikakaa. Tukaagiza chai.