Kitanda cha Shirleen

S.L.P. 217,
Kitengela.
21 Septemba 2025

Mpendwa wifi yangu Ndunge,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Kitengela. Unaendeleaje na joto la Doha? Na mgongo je, bado unakusumbua ukipanda zile ngazi za mwajiri wako? Lorine, tangu aje likizo kutoka huko, ameniambia umepungua mwili, nikakosa raha. Mimi ni mzima. Kazi ya kushona kiwandani inaendelea, na vumbi la hapa unalijua, mvua bado hatujaiona ya maana.

Jambo moja uliweke moyoni kabla hujasoma zaidi: mwanao Shirleen ni mzima wa afya. Hana homa, hana kidonda, na anakula. Mengine nimeyaandika vile yalivyofuatana, kwa sababu ile Ijumaa uliponipigia simu uliniambia nisikufiche kitu, na hiyo saa moja unayopewa simu haitoshi. Lorine anapanda ndege Jumanne, atakukabidhi barua hii mkononi.

Unajua kwamba tangu mama yako, aliyekuwa akimlea, atuache mwezi wa Julai, mtoto alikuwa kwenye makao ya watoto kule Kajiado. Nilikuwa namtembelea kila Jumapili. Walimtunza, siwezi kusema uongo. Lakini mwisho wa Agosti mlezi wao alinivuta kando akaniambia makao yamejaa. Watoto ambao jamaa zao hawajawachukua wangehamishwa Septemba ikiisha, wapelekwe mbali, upande wa Loitokitok.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikaenda kwa afisa wa watoto, Bwana Wasike. Sauti yake ni ya upole lakini macho yake hayakuachi. Nilimweleza kwamba mimi ni dada ya marehemu Dalmas, baba ya mtoto, na kwamba wewe umekubali niishi naye. Akasema barua yako ameisoma na hana shida nayo, ila yeye haandiki ripoti ya nyumba ambayo hajaiona. Angekuja Alhamisi tarehe kumi na moja, saa nne asubuhi.

"Nikifika nataka kuona kwamba mtoto ana mahali pake," alisema. "Sitaki kuona mtu mzima amesogeza vitu kando."

Sasa wifi, hata vya kusogeza sikuwa navyo. Yule dada niliyekuwa nikiishi naye aliolewa Machi, na vitu karibu vyote vilikuwa vyake. Alinibakishia kiti kimoja cha plastiki. Mimi nilikuwa na godoro sakafuni, meko ya gesi, sufuria mbili na ndoo za maji. Chumba cha pili kilikuwa na kamba ya kuanika nguo, basi. Niliporudi kutoka kwa Bwana Wasike nilisimama mlangoni nikakitazama kile chumba kwa macho yake, nikaona aibu.

Nilikuwa na wiki mbili. Vya dukani sikuviweza, kwa hivyo nikaanza kutafuta kwa macho. Kila jioni nikitoka kazini nilipita mitumba, nikapita kwa mafundi wa barabara ya Namanga, nikapita sokoni. Mapazia nilipata kwa shuka mbili nzito za mitumba, za maua ya bluu, nikazishona saa ya chakula cha mchana. Mito ya kuketia niliijaza vipande vya vitambaa vinavyobaki kiwandani, msimamizi akaniruhusu. Meza ni mlango, wifi. Mlango wa mbao ambao mwenye ploti jirani aliung'oa akaweka wa chuma. Fundi mmoja anayeitwa Wahome aliutia miguu minne, na huwezi kujua mpaka uinamie uone tundu la kitasa.

Lakini kile ninachokipenda kuliko vyote ni rafu ya vitabu. Wanawake wa sokoni huletewa nyanya za Kimana kwa kreti za mbao, na zikianza kulegea wanazitupa. Niliokota tatu, nikazisugua kwa sabuni na brashi, nikazipiga msasa mpaka mkono ukapita bila kuchomwa, nikazipanga moja juu ya nyingine. Zinakaa kama kitu cha mjini. Kila kitu kilipoingia nyumbani nilikaa nikikitazama, na kwa dakika chache ule wasiwasi ulinitoka.

Kitanda ndicho kilinisumbua. Vipya vya bei yangu vilikuwa vya chuma chembamba, ukikaa tu vinalia. Halafu Jumamosi, zikiwa zimebaki siku tano, niliona tangazo kwenye simu. Mama mmoja wa Matasia, Mwihaki, alikuwa anahama na anauza. Nilienda siku hiyohiyo. Kitanda cha mbao ngumu, kina droo mbili chini, kimetumika lakini kimesimama imara. Bei ilikuwa sawa na ile ya chuma. Nilimlipa haraka kabla hajabadilisha nia, nikapata pikapu iliyokuwa imeshusha nyasi za ng'ombe, tukakileta. Dereva alinicheka vile nilikuwa nakishika njia nzima kama mgonjwa.

Nilikilalia siku mbili ili nijue kama kina kasoro. Jumatatu asubuhi nilipokuwa naoga niliona mikono yangu. Alama nyekundu, zimepangwa mstari. Nilirudi chumbani nikainua godoro, nikaangalia pale mbao zinapounganika. Kunguni, wifi. Si wawili wala watatu.

Nilikaa sakafuni. Mtoto anatoka kwa makao ambako wanakaguliwa kila wiki, na mimi nimemwandalia kitanda cha kunguni, na afisa anakuja baada ya siku tatu. Nilimpigia Mwihaki. Akasema kwake hakukuwa na kitu kama hicho, na baada ya hapo simu yake haikushikwa tena.

Sikwenda kazini siku hiyo. Mapazia, mito, shuka, kila kitu nilichemsha ama nikaanika juani. Jirani yangu Mama Sandra alinisaidia kubeba kitanda mpaka kwa Wahome. Fundi alikigonga kwenye maungio kwa nyundo na kunguni wakatoka, hata yeye akarudi nyuma. Akasema anaweza kukivunja chote, akwangue kila mbao, apake dawa halafu vanishi, lakini kukauka ni mpaka mwisho wa wiki. Nilimsihi anipatie Jumatano.

"Nikikupatia Jumatano, mtoto atalala kwa dawa," aliniambia. "Chagua."

Nilikiacha. Na hapa, wifi, ndipo nilipofanya kitu ambacho sijivunii. Jumatano jioni Mama Sandra alisema nichukue kitanda cha Sandra, binti yake, kwa asubuhi moja tu. Afisa aone, aandike, aende, kirudi. Nilikubali. Tulikipitisha mlangoni, nikakitandika shuka nilizochemsha, na chumba kikapendeza. Lakini sikupata usingizi.

Alhamisi saa nne kamili mlango ukabishwa. Nilidhani atakuja peke yake. Kumbe amemleta Shirleen. Mtoto aliinamisha kichwa nimguse, vile watoto wa Kajiado husalimia wakubwa, halafu akaingia akitembea polepole kama mtu aliye kanisani. Bwana Wasike alijaribu komeo la mlango. Aliangalia maji yanawekwa wapi, akaangalia soketi, akafungua dirisha akalifunga. Kwenye ile rafu alisimama, akauliza kama ni kreti za nyanya. Nikasema ndiyo. Akatingisha kichwa, sikujua ni kwa uzuri ama kwa ubaya.

Tukaingia chumbani. Shirleen aliketi ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani. Akageuka akaanza kutazama ubao wa kichwani. Mimi sikuwa nimeona. Mtu alikuwa ameandika hapo kwa kalamu, herufi kubwa za mtoto.

"San-dra," alisoma. Halafu akaniangalia. "Anti, Sandra ni nani?"

Bwana Wasike aliinua macho kutoka kwa faili. Wifi, jibu la uongo lilikuwa tayari mdomoni. Ningesema ni jina la mwenye kitanda wa zamani, si vitanda vya mitumba huwa na majina? Lakini mtoto alikuwa ananitazama mimi, hakumtazama afisa.

"Ni mtoto wa jirani," nilisema. "Kitanda ni chake. Nimekiazima. Chako kiko kwa fundi."

Afisa alifunga faili yake, akauliza huyo fundi yuko wapi, akasema twende.

Tulitembea sisi watatu mpaka kwa Wahome. Kitanda kilikuwa mbao tupu zimeegemezwa ukutani. Nilitamani Wahome asimulie kidogo tu, lakini alieleza yote, na kunguni akawataja. Bwana Wasike aliinua ubao mmoja, akaangalia pale pa kuungia, akaunusa. Shirleen alisimama nyuma yangu.

"Nyumba za vitu vya kuazima nimeona nyingi," afisa alisema mwishowe. "Ungenidanganya mbele ya huyu mtoto, hii faili ningeifunga leo." Halafu akaendelea kwa sauti ileile ya upole: "Nitarudi Jumatatu. Nikipata kitanda, nitaandika. Nikikosa, sitaandika."

Akasema mtoto lazima arudi Kajiado hadi hapo. Tulirudi nyumbani achukue mkoba wake. Shirleen hakulia. Alifungua mkoba, akatoa sweta yake, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye kreti ya chini kabisa. Bwana Wasike alimwona, na hakusema aichukue. Wakaenda.

Ijumaa kulikuwa na mawingu, na vanishi haikukauka. Jumamosi vilevile. Wahome alianza kusema Jumanne, nikamwambia Jumanne haipo. Nilishinda kwake siku nzima nikigeuza zile mbao kama mtu anayeanika mahindi, nikizigusa kwa kidole, nikiacha alama, akinigombeza. Niliomba Mungu kwa kila lugha ninayoijua. Jumapili baada ya kanisa jua likatoka, na nikakaa nalo mpaka likashuka. Jumatatu alfajiri Wahome alikuja na misumari yake, akakiunganisha ndani ya chumba. Hakikulia hata kidogo.

Bwana Wasike alifika saa sita. Aliwasha tochi ya simu, akapiga magoti, akaangalia ungio moja baada ya jingine. Aliinua godoro jipya nililomnunulia mtoto, akavuta droo zote mbili, akapitisha mkono chini. Halafu akaketi kwenye meza yangu ya mlango akaandika, na akaandika, na mimi nimesimama sijui mikono yangu niiweke wapi. Alipomaliza alisema ripoti itaenda kortini mwezi ujao, lakini mtoto anaweza kungojea kwangu.

"Nenda ukamchukue kabla hawajafunga ofisi," alisema.

Saa kumi nilikuwa Kajiado. Nilimkuta ameshavaa viatu.

Kwa hivyo yuko hapa, wifi, siku ya saba leo. Kesho anaanza shule, atakuwa akitembea na Sandra. Siku mbili za kwanza alikuwa akiniuliza ruhusa ya kila kitu, hata kunywa maji. Jana aliimba akiosha vyombo.

Lakini nimeahidi kutokuficha, na kuna jambo moja bado. Jana nikimsuka nywele aliniuliza, bila kugeuka, "Mama akija, atalala upande wa ukuta ama upande wa mlango?" Nilimwambia sijui, nitauliza. Lorine amenieleza kwamba waajiri wako wamekuwekea karatasi ya kazi ya miaka miwili mingine uitie sahihi Desemba. Sikulaumu. Najua kwa nini ulienda, na siwezi kukuchagulia. Bwana Wasike amesema hata hakimu atauliza unarudi lini. Hakimu naweza kumjibu kwamba bado unafikiria. Huyu wa hapa sikuweza.

Mama Sandra anakusalimu, na Mjomba Omolo kule nyumbani anasema anakukumbuka katika sala. Msalimie yule mwenzako wa jikoni anayekupaka dawa ya mgongo, umwambie nimemshukuru. Mungu akulinde katika nyumba hiyo ya ugenini, akutie nguvu kwa uamuzi wowote utakaofanya.

Basi niandikie, Mama Shirleen. Upande wa ukuta ama wa mlango. Andika kwa mkono wako, kwa herufi kubwa, aweze kujisomea mwenyewe.

Ni mimi wifi yako ninayekupenda,

Aketch